Mtu Anayesimama Majini

(Maneno haya niliyasema mjini Moshi mbele ya wanafunzi wa vyuo na vijana waliomaliza kidato cha sita, siku chache kabla hawajaenda safari ya mitumbwi kwenye maziwa ya Momella, chini ya Mlima Meru, na bwawa la Nyumba ya Mungu. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyatamka.)

Wazazi na walezi mlioketi mbele, shikamooni. Walimu wangu wawili ninaowaona pale dirishani, shikamooni sana. Vijana, hamjambo?

Mwenyekiti wenu aliponipigia simu aliniomba nigusie mambo matatu: teknolojia mnayotumia kila siku, safari ya majini kutazama wanyama, na sayansi mpya ya afya. Akaniuliza kama nitaweza kuyaunganisha. Nilimjibu kwamba kwangu hayajawahi kutengana. Nimezaliwa Arusha Chini, huku chini yetu, katikati ya mashamba ya miwa. Mfereji wa maji ulipita nyuma ya nyumba yetu, na mfereji huo ndio uliokuwa bafu, dobi na uwanja wa michezo. Leo mimi ni mteknolojia wa maabara, mwaka wa 19 huu. Na mdogo wangu, yule mwenye shati la kijani safu ya tatu, ndiye atakayewaongoza kwenye mitumbwi Jumamosi. Ameniruhusu niseme habari zake. Nilimwuliza mara mbili, na mara zote mbili alisema, dada, sema.

Nianze na saa. Saa sita mchana.

Tulikuwa tukitoka shule saa hiyo, jua likiwa utosini. Tunatupa madaftari kwenye majani, tunajitosa. Wazazi wetu walituonya kuhusu mamba, walituonya kuhusu kuzama, na walikuwa na haki. Lakini hakuna aliyetuambia kwamba saa ile ndiyo mbaya kuliko zote kwa sababu nyingine kabisa. Kwenye kingo za mfereji, chini ya majani, kulikuwa na konokono wadogo bapa wa rangi ya kahawia, duara kama kitufe cha shati. Konokono hao wakiwa na kichocho cha tumbo, ugonjwa wa minyoo, huachia majini vijiluwiluwi, yaani wachanga wa minyoo hiyo, wakati wa mchana, mwanga unapokuwa mkali. Kijiluwiluwi kimoja hakifiki milimita moja na mkia wake una panda. Kikigusa ngozi ya mtu kinaipenya kwa dakika chache, mkia unabaki nje, na mtu anaendelea kuogelea akicheka.

Ndani ya mwili kinasafiri na damu hadi kwenye mishipa ya ini, kinakua na kuwa mnyoo. Dume na jike hukutana hapo. Dume ana mkunjo mrefu mwilini mwake kama mfereji, na jike huingia humo akakaa. Wataishi hivyo miaka mitatu hadi kumi, na wapo waliogunduliwa wakiwa hai baada ya zaidi ya miaka thelathini. Jike hutaga kila siku. Sasa sikilizeni, kwa kuwa hapa ndipo watu wengi wanapokosea: ugonjwa hasa huletwa na mayai. Mengi hupenya ukuta wa utumbo yakatoka na choo, na choo kikifika majini mayai yanaanguliwa, yanamtafuta konokono, mambo yanaanza upya. Yanayokwama mwilini huenda kwenye ini, na mwili, katika kujikinga, unayazungushia kovu. Kovu juu ya kovu, mwaka baada ya mwaka.

Mdogo wangu alikuwa darasa la tano alipoanza kutoa damu kwenye choo. Hakusema. Mtoto wa kiume wa miaka kumi na moja hasemi jambo kama hilo. Mama aliligundua mwenyewe, akampeleka zahanati moja ambayo sitaitaja. Wakasema amiba. Wakampa dawa. Damu ikarudi, wakasema amiba. Mara nne wakasema amiba, na katika mara hizo nne hakuna aliyempa kikopo akalete choo kipimwe. Alipofika kidato cha pili tumbo lilikuwa limejaa upande wa kushoto, bandama imevimba, na miguu imekuwa myembamba. Majirani walianza kusema maneno yao mnayoyajua, kwamba mtoto ametupiwa kitu.

Tukampeleka hospitali kubwa zaidi. Mtu wa maabara, mama mmoja mnene mwenye sauti ya upole, alimtazama tu, kabla hata ya kuchukua sampuli, akamwuliza, "Mwanangu, unaogelea wapi?"

Swali hilo ndilo lililonifanya niwe nilivyo. Nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti nikaona jinsi swali moja la mahali, la mtu anaposimama na maji yanayomgusa, lilivyofungua mlango ambao dawa za miaka minne hazikuufungua. Choo kilipimwa, mayai yakaonekana, kila moja na mwiba wake ubavuni. Akapewa tembe za prazikwanteli kulingana na uzito wake, miligramu 40 kwa kila kilo. Minyoo ikafa. Bandama haikurudi yote ilikokuwa, na makovu ya ini hayafutiki kwa urahisi, lakini mnamwona, yuko hai, ana watoto wawili, na anashika kafi.

Sasa niwaulize kuhusu simu. Inueni mikono wenye simu janja. Karibu wote. Wenye kishkwambi au kompyuta mpakato? Wengi pia. Mimi si katika wanaosema simu imewaharibu vijana. Nasema simu hiyo mnaitumia kwa sehemu ndogo mno ya uwezo wake, na bando likiisha mnaiona kama imekufa, wakati sehemu yake iliyo bora haihitaji bando hata kidogo.

Mwaka 2013 watafiti waliokuwa Pemba walichapisha matokeo ya jaribio ambalo kila nikilisimulia watu hudhani natunga. Walichukua simu ya kawaida ya mkononi, wakabandika mbele ya kamera yake lenzi ndogo ya duara kama gololi, kipenyo chake milimita tatu, kwa gundi ya karatasi ya pande mbili. Wakaweka slaidi za choo cha watoto wa shule, wakamulika kwa tochi ndogo kwa nyuma. Basi. Lenzi ile ilikuwa ya bei ya dola zipatazo nane. Katika kila sampuli kumi zenye mayai ya minyoo, simu ilizikamata karibu saba. Mayai ya minyoo mikubwa ya duara iliyaona vizuri. Ya safura iliyakosa mengi sana. Kwa hiyo haikuwa tayari kuchukua nafasi ya hadubini, na watafiti wenyewe walisema hivyo. Lakini fikirini: kisiwani kwetu, kwa gololi na gundi, simu iliona kile ambacho zahanati ile haikukitafuta kwa miaka minne.

(Nifungue mabano kidogo kwa ajili ya wanafunzi. Chombo cha kuonea vidogo ni hadubini. Darubini ni ya kuonea mbali. Nimesahihisha hili kwenye karatasi nyingi za mitihani, na nitaendelea kulisahihisha.)

Nyumbani mnaweza kuanza hata bila lenzi ya dukani. Kalamu ya leza ya kuchezea, ile ya wamachinga, ina lenzi ndogo mbele. Ikiharibika usiitupe. Itoe lenzi yake, ibandike mbele ya kamera ya simu, menya ngozi nyembamba ya ndani ya kitunguu, iweke juu ya kioo safi, mulika kwa tochi kutoka chini. Utaziona seli zimepangwa kama matofali. Yai la kichocho cha tumbo lina urefu wa kama milimita 0.15, hivyo linakaribiana na hizo seli za kitunguu kwa ukubwa. Yaani adui huyu hakujificha mbali sana na macho yetu. Tulikosa tu desturi ya kumtazama.

Lakini nawaomba, na hapa nasema kama mtu wa maabara: msipimane wenyewe. Msichukue choo cha jirani mkaweka kwenye simu mkamwambia ana hiki au kile. Kuandaa slaidi kuna ufundi wake na kuna hatari yake. Na msiokote konokono kwa mikono mitupu mkawaweka kwenye glasi ya maji juani ili mwone vijiluwiluwi vikitoka. Najua mtaliona jaribio hilo mtandaoni. Maji ya glasi hiyo yakikumwagikia mkononi, umeshapata.

Kuna kazi nyingine ya simu ambayo naiona kubwa kuliko hadubini. Picha. Simu yako ikiwa imewashiwa huduma ya kutambua mahali, kila picha inabeba tarehe, saa na viwianishi, yaani namba zinazoonyesha pale ulipo, hata pasipo mtandao, maana satelaiti za GPS hazidai bando. Ukipiga picha ya konokono kwenye jani bila kumgusa, na picha ya mahali wanawake wanapochotea maji hatua ishirini kutoka hapo, umeandika taarifa ambayo ofisa afya wa wilaya hana muda wala mafuta ya pikipiki ya kuikusanya. Mpelekeeni. Mnaposoma kwamba watafiti wa Senegal wametumia ndege zisizo na rubani kutambua majani ya majini wanamokaa konokono, msidhani kazi hiyo ina uchawi. Ni picha, mahali, na mtu anayejua anatafuta nini.

Senegal ina somo jingine kwetu sisi watu wa mabwawa. Mwaka 1986 walikamilisha bwawa la Diama karibu na mdomo wa mto Senegal ili maji ya chumvi yasipande juu. Kilimo cha miwa na mpunga kikastawi. Haikupita miaka miwili, kichocho cha tumbo kikaonekana katika mji wa Richard Toll, katikati ya mashamba ya miwa, mahali ambapo hakikujulikana, kikaenea kwa kasi ya kutisha. Maji yalikuwa yametulia na kuwa matamu, konokono wakafurahi. Na kamba wa mtoni, waliokuwa wakila konokono hao, hawakuweza tena kushuka baharini kuzaliana wakarudi, kwa sababu ukuta uliwazuia. Watafiti walipowarudisha kamba kwenye sehemu moja ya kijiji, mwaka 2015 wakaripoti kwamba konokono wenye ugonjwa walipungua, na watu waliotibiwa hawakuambukizwa tena kwa wingi kama kwingineko. Nikiisoma habari hiyo nauona mfereji wa nyuma ya nyumba yetu.

Na sasa safari yenu.

Momella mtapanda mitumbwi kwenye ziwa la Momella Ndogo. Mtaona viboko, mtaona heroe wakiwa msimu wao, na Mlima Meru utakuwa mgongoni mwenu. Kiboko mheshimuni. Mdogo wangu atagonga ubavu wa mtumbwi kwa kafi kila mara, polepole. Msimwulize kwa nini anapiga kelele. Anamjulisha kiboko tulipo, maana kiboko akishtukizwa hukimbilia kwenye kina, na ole wake aliye katikati. Asubuhi wanarudi kutoka kula majani nchi kavu, kwa hiyo kingo zenye matete huachwa. Jaketi okozi halivuliwi kwa ajili ya picha. Maji ya huko ni ya magadi, hayanywewi. Mkipita Ngarenanyuki mkaona watu wana meno ya kahawia, msiwacheke wala msidhani hawajui mswaki. Ni floridi ya miamba ya volkano ya Meru iliyomo kwenye maji waliyoyanywa utotoni meno yakiwa bado ndani ya ufizi. Kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na chemchemi nyingi za upande ule zimezidi hapo mbali sana. Yapo machujio yanayotumia mkaa wa mifupa ya ng'ombe kuipunguza. Kama kuna mwanakemia hapa anayetafuta mada ya utafiti, ipo pale, inamsubiri.

Hofu yangu kubwa haiko Momella. Iko siku ya pili, Nyumba ya Mungu. Pale mto Kikuletwa, unaokusanya maji ya Meru na ya magharibi ya Kilimanjaro, unakutana na Ruvu inayotoka mashariki ya mlima na upande wa ziwa Jipe. Ukitoka bwawani mto unashuka hadi baharini Pangani. Mvua inayonyesha juu ya migomba ya Kibosho hupita kwenye mifongo, mifereji waliyoichimba mababu, ikafika huko chini. Ni bwawa zuri. Maji yake ni matamu, kingo zake zina majani, na maelfu ya watu wanalitegemea kwa samaki. Mambo yote matatu yanayompendeza mtalii pale yanampendeza konokono.

Nitawaambia nilichokiona nilipopanda boti na mdogo wangu kwa mara ya kwanza, miaka kadhaa iliyopita. Kulikuwa na wageni sita. Tulipofika kwenye kina kidogo boti likanasa kwenye matope. Wageni wakabaki wamekaa, wamevaa viatu vyao vizuri, kamera shingoni. Mdogo wangu na mwenzake wakakunja suruali, wakashuka, maji ya magotini, wakasukuma. Saa saba mchana. Dakika kumi na tano hivi. Wakapanda, wakajikung'uta, safari ikaendelea, na mgeni mmoja akapiga picha nzuri sana ya tai mla samaki.

Nilihesabu. Nikamwuliza kwa wiki anashuka mara ngapi. Akasema, "Dada, siwezi kujua. Kila siku." Nikamwuliza tangu alipotibiwa akiwa kidato cha pili amepima tena lini. Hakuwahi.

Mtu ambaye karibu afe kwa ugonjwa huu, ambaye dada yake kazi yake ni kuutafuta ugonjwa huu kwenye vioo, alikuwa anasimama ndani yake kila siku na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amefikiri. Nami nikiwamo. Nililia usiku ule. Nilimpima wiki iliyofuata. Alikuwa nao tena.

Vitabu vya safari huandikwa kwa ajili ya anayekaa mkavu. Vinamweleza sindano za kuchoma kabla ya kupanda ndege, dawa ya mbu, kofia. Anayesukuma boti hana kitabu. Mvuvi anayevuta nyavu hana kitabu. Mwanamke anayefua kwenye jiwe lake la kila siku hana, wala mtoto anayenywesha ng'ombe. Ninyi mtaingia kwenye mtumbwi mkiwa na elimu, na elimu hiyo mkiitumia kujilinda wenyewe tu mkarudi Moshi na picha za viboko, nitakuwa nimekuja hapa bure.

Kwa hiyo vaeni mabuti ya mpira, na yabebeni mawili matatu ya ziada kwa wanaosukuma. Msioge bwawani. Maji ya kuoga yakichotwa yakakaa ndani ya pipa siku mbili bila konokono, vijiluwiluwi vinakuwa vimekufa. Yakichemshwa, vinakufa palepale. Mkiguswa na maji, kujifuta haraka kwa taulo si kinga ya kuitegemea. Na mkirudi, kila mmoja achukue simu yake, afungue kalenda, aweke kengele ya wiki nane kuanzia Jumapili. Mbona wiki nane? Kwa sababu kabla ya wiki sita minyoo haijaanza kutaga ipasavyo, kipimo kitasema huna wakati unayo, na prazikwanteli haiwaui vizuri minyoo wachanga. Anayekimbilia kupima siku ya tatu anajidanganya. Teknolojia ya kengele ya simu, ambayo hata simu ya kitochi inayo, hapa ina kazi kuliko programu yoyote ya gharama.

Kuhusu nyani niseme, maana mtawaona. Mwaka 1969 mtafiti Mwingereza Alan Fenwick, aliyefanya kazi Arusha Chini, kwetu, alichapisha utafiti kuhusu nyani kama hifadhi ya kichocho cha tumbo. Nyani hunywa na kuvuka maji yaleyale, huambukizwa vilevile, na hutupa mayai majini vilevile. Mwaka uliofuata akaandika kuhusu kuwadhibiti konokono kwenye mifereji ya miwa. Miaka mingi baadaye, 2002, mtu huyohuyo alianzisha London mpango mkubwa wa kufikisha prazikwanteli kwa mamilioni ya watoto wa Afrika, na Tanzania ikawa katika nchi sita za mwanzo. Nilipolijua hili nilikuwa tayari mtu mzima. Nilikaa nikawaza kwamba mifereji tuliyoogelea ilishaandikwa kwenye majarida ya sayansi kabla sijazaliwa, na sisi tulioogelea hatukuambiwa. Hilo linaniuma hadi leo. Ninyi msomao, mnayoyaandika yarudisheni kijijini yalikotoka, kwa lugha inayoeleweka.

Maana yasiporudi, nafasi yake inajazwa na uvumi. Mwaka 2008 Morogoro, kingatiba ya kichocho ilipotolewa mashuleni, baadhi ya watoto walitapika na kuumwa tumbo. Ni jambo linalotokea, hasa mtoto akimeza tembe hizo bila kula, na hupita. Lakini habari ilienea mjini kwamba watoto wanakufa. Wazazi wakavamia shule, ghasia zikazuka, ugawaji ukasimama. Wakati huo watu wengi walikuwa na simu ndogo za kupiga na kutuma ujumbe tu. Leo kila mmoja wenu yumo kwenye makundi ya WhatsApp ya ukoo, ya kanisa au msikiti, ya waliosoma pamoja. Siku ya kingatiba ikifika, na sauti ya mtu asiyejulikana ikaanza kuzunguka, wewe uliyekaa hapa leo utakuwa na la kusema. Mwambie mama mdogo wako ampe mtoto uji mzito kwanza. Sentensi moja hiyo, kwenye kundi la ukoo, inaweza kuokoa siku nzima ya kazi ya walimu.

Sayansi mpya imefika wapi? Nitachagua moja, ninayoisubiri kwa hamu. Kwa miaka yote hii dawa ya mashuleni ilipimwa kwa ubao wa urefu: mtoto anasimama, urefu wake unasema tembe ngapi. Aliye mfupi kuliko alama ya kwanza hakupewa. Wadogo wa chini ya umri wa shule, wanaobebwa mgongoni na kuogeshwa kwenye beseni la maji ya mfereji, waliachwa nje, si kwa ubaya, ila tembe zilikuwa kubwa na chungu na hazikuwa zimepimwa kwao. Sasa ipo tembe ndogo, arprazikwanteli, inayeyushwa kwenye maji, kwa watoto wa miezi mitatu hadi miaka sita. Ilijaribiwa Kenya na Kodivaa. Desemba 2023 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilitoa maoni ya kuiunga mkono itumike katika nchi zenye ugonjwa huu, na 2024 Shirika la Afya Duniani likaiingiza kwenye orodha ya dawa zilizothibitishwa ubora. Mama anayekuja maabara na mtoto wa miaka miwili, nikaona mayai kwenye kioo, sitaki tena kumwambia tukadirie kipande cha tembe ya mtu mzima.

La mwisho ni la mabinti, na wavulana mlisikilize pia kwa adabu, mtakuwa waume na madaktari. Kichocho nilichokieleza ni cha tumbo. Kipo cha mkojo, kiko zaidi pwani na kanda ya ziwa, na wengi wenu mtakwenda kusoma na kufanya kazi huko. Mayai yake hukwama kwenye kibofu, na kwa mwanamke hukwama pia kwenye shingo ya kizazi na ukeni, yakaleta vidonda, damu na maumivu. Inakadiriwa wanawake hadi milioni 56 wanayo hali hiyo, karibu wote Afrika. Vidonda hivyo vinahusishwa na kuambukizwa virusi vya UKIMWI kwa urahisi zaidi. Na unajua binti huyo anaambiwa nini akifika kwa mhudumu asiyejua? Anaambiwa ana ugonjwa wa zinaa. Anarudi nyumbani na aibu ambayo si yake, iliyotoka kwenye mto aliokuwa akichota maji tangu ana miaka sita. Nimekutana na binti wa namna hiyo. Alikuwa hajawahi kumjua mwanaume, na mama yake hakumwamini. Ninaomba mmoja wenu, hata mmoja, atakayekuwa daktari au muuguzi, akae akimkumbuka mama yule mnene wa maabara na kuuliza kwanza: mwanangu, maji unachota wapi?

Nimezungumza sana. Kwenye meza ile nyuma nimeweka simu tatu, zote za kawaida, mbili zina lenzi za kalamu ya leza na moja ina lenzi ya gololi. Slaidi ya kwanza ni kitunguu, ya pili ni unyoya wa kuku, ya tatu ni slaidi ya kufundishia iliyokwisha kaushwa, haina hatari, ya kichocho cha tumbo. Mdogo wangu atashika tochi, ana mkono mtulivu kuliko mimi. Njooni watano watano, na wazazi waanze. Kwenye ile ya tatu tafuteni kitu cha rangi ya asali, mviringo mrefu, kisha tazameni ubavuni. Mwiba wake unaonekana.